Brashi Ipi kwa Sungura Anayenyonyoka Manyoya? Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Sungura wa kisa hiki ni jike wa miaka 3, uzito kilo 2.2, chotara wa lionhead (aina yenye shungi la manyoya marefu shingoni) na sungura wa kawaida wa manyoya mafupi. Anaishi ndani ya nyumba ya ghorofa jijini Nairobi. Ana kona yake sebuleni, na taa za humo huzimwa saa tano usiku au hata baadaye. Shingoni ana shungi la manyoya ya sentimita 5 hadi 6, mbavuni kuelekea mapajani yako mengine marefu kidogo, na mgongoni manyoya ni mafupi yaliyoshonana. Kisa kimeunganishwa kutokana na hali inayojirudia sana kwa wanaofuga sungura ndani ya nyumba. Kimechaguliwa kwa sababu mnyama mmoja anabeba aina mbili za manyoya, na hapo udhaifu wa kila brashi huonekana upesi.

Alianza kunyonyoka usoni na kati ya masikio. Wiki ya pili mwenye sungura akanunua bapa la chuma lenye meno mafupi yaliyobanana, lile linalotengenezwa kuondoa manyoya ya ndani ya mbwa na paka. Akawa anamchana kila Jumamosi, nusu saa mfululizo, kutoka shingoni hadi mkiani. Kwa macho kazi ilikwenda vizuri, maana kila Jumamosi sakafuni palibaki lundo la manyoya.

Kufikia wiki ya tatu mambo manne yalikuwa yameharibika. Nyongani, pande zote mbili, palikuwa na michirizi ya ngozi wazi ya rangi ya waridi, mmoja umeshika kigaga. Nyuma ya masikio na chini ya kidevu shungi lilikuwa limesokotana vifundo vinne, kikubwa chake kina upana wa sentimita 3. Sungura alipoliona tu bapa, alijificha chini ya kochi. La nne mwenyewe hakulihusisha na brashi hata kidogo: punje za kinyesi zilitoka zimefungwa pamoja na unywele, tatu tatu au nne nne, na zilikuwa ndogo kuliko zamani.

Alichouliza ni kimoja tu: anunue brashi gani nyingine?

Kinyesi kwanza, brashi baadaye

Mtu akiuliza habari ya brashi wakati punje za kinyesi zimepungua ukubwa, brashi inangoja. Sungura hatapiki. Misuli ya mlango wa juu wa tumbo lake imekaza kiasi kwamba kilichoingia hakirudi, kwa hiyo kila unywele anaoumeza akijilamba una njia moja tu ya kutokea.

Kumeza manyoya peke yake si ugonjwa. Sungura mzima mwenye afya huwa na manyoya tumboni siku zote, na yanapita pamoja na nyasi. Taabu huanza pale matumbo yanapopunguza mwendo kwa sababu ya nyuzinyuzi chache, maji machache, maumivu au hofu. Hapo chakula na manyoya hukaukiana vikawa bonge. Bonge hilo mara nyingi ni matokeo ya matumbo kuzubaa, wala si chanzo chake, na wengi huligeuza jambo hili kichwa chini. Ipo hali ya pili iliyo mbaya zaidi: kibonge kidogo kigumu cha manyoya kuziba utumbo mwembamba ghafla. Sungura wa namna hiyo huvimba tumbo na kuzidiwa ndani ya saa chache.

Punje zilizofungwa na unywele zina habari mbili ndani yake. Nzuri ni kwamba manyoya yanapita. Mbaya ni kwamba anameza mengi, yaani mwili unamwaga manyoya na hakuna mtu anayeyaondoa. Kupungua ukubwa wa punje ndiko kwa kutiliwa maanani zaidi, kwa sababu mara nyingi kunaonyesha chakula cha nyuzinyuzi hakitoshi. Huyu alikuwa bado anakula, masikio yake yana uvuguvugu, na tumbo ni laini kwa kupapasa, kwa hiyo palikuwa na nafasi ya kurekebisha mambo nyumbani. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kunya, au amejikunyata, anasaga meno, au tumbo limevimba na kukaza, anapelekwa kwa daktari wa mifugo usiku uleule. Asilishwe kwa nguvu kabla daktari hajamkagua, kwa kuwa kama utumbo umeziba, chakula cha kulazimisha kinaongeza shinikizo mahali pasipo na pa kutokea.

Ulaji wake ulieleza mengi: bakuli zima la pelleti (chakula cha viwandani kilichoshindiliwa) kila siku, na nyasi kavu kiganja kimoja asubuhi. Pelleti zilipunguzwa kwa hatua ndani ya siku kumi hadi gramu 55, kwa kipimo cha gramu 25 kwa kila kilo ya uzito. Nyasi kavu za Rhodes zikawekwa muda wote, na kila siku rundo jipya lisilopungua ukubwa wa mwili wake mwenyewe. Chupa ya kunyonya iliongezewa bakuli zito la maji lisilopinduka. Sungura hunywa kati ya mililita 50 na 150 kwa kila kilo kwa siku, na wengi hunywa kwa wepesi zaidi kwenye bakuli. Dhania, majani ya karoti na sukuma wiki kiasi zilioshwa na kupewa zikiwa bado zinachuruzika.

Kuhusu nanasi na paipai, ushauri wa kumpa sungura juisi yake ili "iyeyushe manyoya" umeenea sana, nao hauna msingi. Vimeng'enya vya matunda hayo huvunja baadhi ya protini za chakula, lakini unywele umejengwa kwa keratini, ambayo haivunjwi navyo. Kinachofika tumboni kwa uhakika ni sukari, na sukari ndiyo inayovuruga bakteria wa utumbo wa sungura. Pasti za paka za kulainisha vibonge vya manyoya nazo hazina kazi hapa.

Je, ni kunyonyoka kweli?

Maandishi mengi ya Ulaya na Marekani humwambia mfugaji asubiri kunyonyoka kukubwa majira ya kuchipua na ya vuli, urefu wa mchana unapobadilika. Nairobi iko karibu nyuzi 1 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki robo saa. Sungura wa ndani wa huku, anayeangaziwa taa hadi usiku wa manane, hana kalenda hiyo. Anaweza kunyonyoka kidogo kidogo kwa miezi, kisha akamwaga kwa wingi mwezi ambao jirani yake mwenye sungura wa aina ileile haoni kitu.

Basi usomwe mwili. Kunyonyoka kwa kawaida huanza kichwani, hushuka shingoni na mgongoni, na humalizikia mbavuni na nyongani. Mara nyingi huonekana mstari unaotenganisha manyoya ya zamani yaliyopauka na mapya yanayong'aa, na chini ya yale ya zamani mapya yamekwisha kuchomoza. Kwa sungura wa rangi, ngozi ya mahali panapoota manyoya mapya huonekana nyeusi na nene, na wapo wanaokimbia kwa daktari wakidhani ni vilia vya damu.

Mambo mengine hufanana na kunyonyoka. Mba mwingi mgongoni unaoonekana kusogea wenyewe ni utitiri wa manyoya. Magaga meupe yaliyokauka puani, kwenye kingo za masikio na vidoleni ni upele. Duara la upara lenye magamba huenda likawa mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi, na huyo ashikwe kwa glavu, maana huambukiza watu, watoto kwanza. Jike anayejing'oa manyoya ya kifua na tumbo huku akibeba nyasi mdomoni anatengeneza kiota. Ana mimba, au mimba ya uongo inayodumu siku 16 hadi 18, na hapo hakuna brashi itakayomsaidia. Onyo moja halina mjadala: dawa za viroboto za mbwa na paka zenye fipronili hazipakwi sungura kabisa, kwani zimeua wengi.

Kwa sungura huyu, upara wa nyongani ulikuwa michirizi iliyonyooka, ikifuata mkondo wa mkono wa mchanaji. Ugonjwa hauchori mistari iliyonyooka namna hiyo. Manyoya ya lundo la Jumamosi yalipotazamwa kwa kamera ya simu iliyosogezwa karibu, mengi yalikuwa mafupi, na upande mmoja umekatika butu. Unywele ulionyonyoka wenyewe hutoka na urefu wake wote, ncha nyembamba upande mmoja na kishina upande wa pili. Bapa lilikuwa linakata manyoya hai.

Lundo lilivyodanganya

Bapa la aina hii ni safu moja ya meno mafupi ya chuma, na kati ya jino na jino pana ukingo mkali. Hukamata manyoya laini ya ndani na kuyavuta. Kwa mbwa mwenye manyoya mazito ya tabaka mbili, kama Alsatian, ngozi inastahimili. Ngozi ya sungura ni nyembamba na hupasuka kwa urahisi. Tena bapa limenyooka na halipindi, ilhali nyonga na uti wa mgongo ni mviringo, kwa hiyo uzito wote wa mkono huangukia sehemu mbili tatu za mfupa. Ndiyo sababu michirizi ilitokea nyongani, ikakosekana mabegani.

Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba halikuambii uache. Brashi ya mpira huanza kutoka na manyoya mengi, kisha machache, kisha hayatoki. Mkono unajua kazi imekwisha. Bapa, manyoya yaliyolegea yakiisha, linaendelea kukata yaliyoshikilia, na lundo halipungui. Mtu anayepima kazi kwa ukubwa wa lundo hana namna ya kujua kwamba dakika ishirini za mwisho amekuwa akinyoa.

Shungini lilifanya kosa la kinyume. Meno ya milimita chache hayafiki chini ya manyoya ya sentimita 6. Yalipita juu, yakayalaza na kuyabana yaliyolegea chini yake, na siku sita za kujilamba zikamalizia kazi ya kuvifunga vifundo. Nusu saa kwa wiki nayo ni mpango mbaya kwa chombo chochote, kwa sababu sungura anajilamba kila siku, na manyoya ambayo hujayaondoa leo atayameza usiku.

Wafugaji wazoefu wa sungura wakubwa wenye manyoya mafupi mazito, kama Flemish Giant, hulitumia bapa kwa mipigo michache isiyokandamiza na matokeo yakawa mazuri. Kwa chotara wa lionhead wa kilo mbili, litafutiwe mwenye mbwa.

Vyombo vilivyochaguliwa, na mahali pa kila kimoja

Hakuna brashi moja iliyotosha. Vilipatikana vyombo vitatu vya kununua na kimoja cha bure, na hakuna hata kimoja kilichotumika mwili mzima.

Cha bure ni mikono yenye unyevu. Viganja vinaloweshwa, vinakung'utwa hadi visidondoshe, kisha vinapitishwa taratibu kutoka kichwani hadi nyongani. Manyoya yaliyolegea hujishika kwenye kiganja yakaviringika, na hayarushwi hewani. Kwa siku nne za kwanza ndicho pekee kilichotumika, kwa sababu mbili: vidonda vya nyonga vilihitaji kufunga, na sungura alihitaji kusahau bapa. Unyevu ni wa kiganja tu. Sungura haogeshwi, kwani manyoya yake hukauka polepole mno, na baridi pamoja na mshituko vinaweza kumuua.

Kwa mgongo na mabega ilichaguliwa brashi ya mpira laini yenye vinundu vya urefu wa sentimita 1 hivi. Mpira hushika kwa msuguano na hauna kitu cha kukata. Ugumu wake hupimwa kwa kukibonyeza kinundu kwa kidole: kikipinda bila kusukumwa sana kinafaa, kikisimama wima ni cha farasi au mbwa mkubwa. Ukikosa brashi, glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, yenye vipele kiganjani, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Udhaifu wa mpira ni shungi: ukiusugua kwenye manyoya marefu unayazungusha na kutengeneza kifundo kipya.

Shungi na manyoya ya mbavuni yalipewa kitana cha chuma chenye pande mbili, nusu moja meno yana nafasi ya milimita 2 hadi 3, nusu ya pili karibu milimita 1.5. Urefu wa jino uwe sentimita 2.5 au zaidi, la sivyo halifiki chini ya shungi. Ncha ziwe za mviringo. Njia nzuri ya kuzikagua dukani ni kupitisha kitana juu ya soksi nyembamba ya nailoni iliyovutwa kwenye mkono: uzi ukinaswa, ncha ina kikwaruzo kisichoonekana kwa macho. Kisha kipitishwe ndani ya mkono, upande wa ngozi laini chini ya kiwiko, kwa uzito wa kitana chenyewe tu. Kikiacha alama nyeupe, kitamuumiza sungura. Chanuo la mbao lenye meno mapana linaweza kushika nafasi ya upande mpana, mradi mbao isiwe na vibanzi.

Cha tatu ni kitana cha chawa, kile kidogo cha chuma kinachouzwa kwa ajili ya vichwa vya watoto wa shule. Kazi yake ni uso, nyuma ya masikio na ukaguzi. Meno yake yamebanana kiasi cha kutoa mba na utitiri, na ukikikung'uta juu ya karatasi nyeusi unaona kilichoko. Hakipitishwi kwenye kifundo kamwe.

Brashi laini ya nywele za mtoto mchanga iliongezwa baadaye, na uamuzi huo una ubishi. Haiondoi manyoya ya ndani hata kidogo. Faida yake ni kumzoesha sungura mwoga kuguswa na kitu chenye mpini, na kwa huyu aliyekuwa akijificha ilisaidia. Kwa sungura mtulivu ni kupoteza pesa.

Brashi ya nyaya nyembamba zilizopinda, ambayo karibu kila duka la wanyama huisogeza mbele ya mteja, iliachwa. Mikononi mwa mfugaji wa angora, sungura wa sufi ndefu, anayejua kuichezesha juu juu ina kazi yake. Kwa mtu anayejifunza, nyaya hufika kwenye ngozi kabla mkono haujahisi, na mikwaruzo yake ni midogo na mingi, imefichwa chini ya manyoya, na hugunduliwa imekwisha kupata usaha.

Namna ya kumchana

Alichanwa sakafuni, juu ya taulo lililotandikwa ili miguu isiteleze. Kumchana mezani kuna hatari isiyo na faida: sungura akiruka au akipiga mateke huku nyuma yake haijashikwa, anaweza kuvunja uti wa mgongo kwa nguvu ya miguu yake mwenyewe. Kumlaza chali akatulia tuli, ambako watu hukuona ni kustarehe, ni kuganda kwa hofu, na hofu hupunguza mwendo wa matumbo ambayo tayari yalikuwa taabani.

Muda ulikuwa dakika 5 hadi 8, kila siku, jioni kabla ya pelleti. Mpangilio ulikuwa mikono yenye unyevu kwanza, halafu mpira mgongoni kwa mipigo mifupi kufuata mlalo wa manyoya, kisha shungi kwa kitana. Shungi huchanwa kwa tabaka: mkono mmoja unainua manyoya ya juu, vidole viwili vinabana mashina ya tabaka la chini karibu na ngozi ili mvuto usifike kwenye ngozi, na kitana kinaanzia nchani kikirudi kidogo kidogo kuelekea shina. Anayeanzia shinani hukusanya vipingamizi vyote vya njiani mahali pamoja, kisha anavivuta.

Nyayo hazikuguswa. Sungura hana nyama ngumu za kukanyagia kama za paka. Manyoya ya nyayo ndiyo kiatu chake, na yakipungua hupata vidonda vya visigino visivyopona upesi. Tumboni, penye chuchu, na chini ya mkia palipitishwa kiganja tu.

Vishungi vinavyojitokeza vyenyewe nyongani mwishoni mwa kunyonyoka vinaweza kuondolewa kwa vidole. Kipimo ni kwamba kishungi kitoke bila ngozi kuinuka. Ngozi ikifuata kidole, manyoya hayo bado ni hai, yaachwe siku mbili tatu.

Vifundo vinne

Hapa ndipo watu wengi huwakata sungura wao. Kifundo kinapokaza huvuta ngozi juu, na ngozi hiyo nyembamba huingia ndani ya kifundo bila kuonekana. Mkasi unaopita "chini ya kifundo" unapita kwenye ngozi.

Vifundo vitatu vidogo vilifunguliwa bila mkasi. Kila kimoja kilinyunyiziwa chembe za wanga wa mahindi, ule wa kuongezea mchuzi uzito, kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole viwili, kikasuguliwa polepole hadi wanga ukaingia, kisha kikatenganishwa kwa vidole kuanzia pembeni. Poda ya mtoto haifai, vumbi lake laini likiingia puani mwa sungura ni balaa. Wanga nao usimwagwe kwa wingi, na uso uzibwe kwa kiganja.

Cha nne, kile cha sentimita 3 chini ya kidevu, kilikuwa kimekaza mno. Kitana cha chawa kiliingizwa bapa kati ya ngozi na kifundo kikawa ngao, kisha mkasi wenye ncha butu ukakipasua kifundo kwa urefu wa manyoya, si kwa kukata mkingamo, mara tatu. Vipande vilivyobaki vililegea vikachanwa. Kazi ilifanywa na watu wawili, mmoja amemshika sungura kifuani na nyuma, na iligawanywa siku mbili, kwa kuwa siku ya kwanza sungura alianza kupumua haraka baada ya mpasuo wa pili. Kingekuwa kwapani au karibu na sehemu za siri, au kitana kisingepenya chini yake, kazi ingekuwa ya daktari mwenye mashine ya kunyolea.

Wiki zilizofuata

Punje za kinyesi ndizo zilizobadilika kwanza. Nyasi zilipoongezwa, ukubwa ulianza kurudi ndani ya wiki. Zile zilizofungwa na unywele ziliendelea kuonekana kwa siku kadhaa zaidi, na hilo lisimshitue mtu, ni manyoya yaliyomezwa nyuma yakimalizika kutoka. Kigaga cha nyonga kilianguka chenyewe. Hakikupakwa kitu, kwani chochote anachopakwa sungura hukilamba.

Mpira ulijaa kila jioni kwa wiki ya kwanza na nusu, kisha ukaanza kutoka na manyoya machache, na wakati huohuo vishungi vya nyongani vikajitokeza. Hapo mpira ulipunguzwa hadi mara mbili kwa wiki, kitana cha shungi kikabaki kila baada ya siku mbili. Tangu uso ulipoanza hadi nyonga kumaliza zilipita wiki sita hivi, na mzunguko mmoja wa kunyonyoka kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi sita. Shungi halina likizo: manyoya marefu ya namna hiyo husokotana hata mwili wote ukiwa umetulia, kwa hiyo huchanwa mara mbili au tatu kwa wiki mwaka mzima.

Michirizi ya upara ilichelewa. Manyoya yaliyokwisha kukua, yakikatwa katikati, hayarefuki tena. Hukaa yalivyo hadi zamu yao ya kunyonyoka ifike, ndipo mapya yaote. Mwenye sungura alidhani dawa inahitajika. Ngozi ilikuwa laini, haina magamba wala haiwashi, hivyo hapakuwa na cha kutibu. Ingekuwa na magamba, au upara ungetanuka, daktari angekwangua ngozi akaitazame kwa darubini.

Angekuwa sungura mwingine

Kwa New Zealand White au California, wale weupe walio wengi kwenye mabanda ya Kenya, kitana cha pande mbili kisingehitajika. Mikono yenye unyevu, mpira na kitana cha chawa vinatosha. Rex ni tofauti kabisa: manyoya yake ya juu yana urefu sawa na ya ndani, takriban sentimita 1.5, yamesimama wima, na kitana huyavunja. Huyo hupitishiwa kiganja chenye unyevu na basi, huku nyayo zake zikikaguliwa kuliko za wote kwa kuwa manyoya ya chini ni haba. Angora si suala la brashi pekee. Sufi yake hukatwa au kuvunwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na anayedhani atamaliza kwa kuchana ataishia na sungura aliyevikwa blanketi moja la vifundo.

Utunzaji wa vyombo ni mfupi. Manyoya yaondolewe kila baada ya kazi, mpira uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, vitana vya chuma vikaushwe mara moja kwa kuwa kutu ndiyo inayoleta vikwaruzo nchani. Jaribio la soksi ya nailoni lirudiwe kila kunyonyoka kunapoanza, na kitana kinachonasa uzi kitupwe. Nyumba yenye sungura wawili ambapo mmoja anashukiwa mapunye, kila mmoja awe na vyombo vyake. Cha mgonjwa kioshwe kwanza, kiloweshwe kwenye jiki, sehemu moja kwa kumi za maji, dakika 10, kisha kisuuzwe na kuanikwa juani. Brashi yenye mpini wa mbao haisafishiki kwa njia hiyo, nayo ichomwe.